Mtaa Uliopigwa Pasi

Mjomba wangu ni dobi, na mtaa mzima humwita Mjomba. Jambo hilo huniudhi mpaka leo. Mwenye haki naye ni mimi, kwa sababu yeye na mama yangu walinyonya ziwa moja. Hao wengine wamejichukulia tu, kama wanavyojichukulia vibanio vyake vya nguo bila kurudisha. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ana mvi kumshinda, naye humwita Mjomba. Muuza mkaa ana wajukuu waliokwisha kuoa, naye vilevile. Hata mkazamjomba, mkewe wa ndoa, siku akiwa na hasira humwita "huyo Mjomba wenu", kana kwamba sisi ndio tuliomletea.

Kibanda chake kiko konani, pale vichochoro viwili vinapokutana: mbao, paa la bati linalovuja, na mlango unaofungukia kushoto tu, tena kwa kuusukuma na goti. Ndani kuna meza moja, na meza hiyo ndiyo fahari yake. Aliiunda kwa milango miwili ya shule iliyobomolewa, akaiunganisha, akaitandika blanketi na juu yake shuka nyeupe. Ukilala juu yake miguu haifiki mwisho. Najua, kwa sababu nilipokuja kukaa kwake ili nisome nilikuwa nalala hapo, kabla mkazamjomba hajanitafutia kitanda. Shule niliimaliza zamani, kurudi kwetu sijarudi. Napokea nguo na kushona vifungo, na nikiulizwa nitaondoka lini, nasema nikimaliza shati hili.

Pasi yake ni ya mkaa, nzito, yenye kajogoo ka shaba kwenye kifuniko. Ya umeme anayo, aliletewa zawadi. Ameiweka mlangoni izuie upepo usiufunge mlango. Wala hanyunyizii nguo maji kwa chupa. Hupiga funda kutoka kikombe cha bati, mashavu yakavimba, kisha hupuliza, na maji yakatoka membamba kama ukungu, yakatua juu ya shati sawasawa kila mahali. Wateja wapya huona kinyaa. Shati likishanyooka kinyaa huwaisha.

Akiwa na maji mdomoni hawezi kusema, na hilo limemfaa maishani kuliko elimu. Mteja akiuliza suruali yake ya kijivu imekwenda wapi, Mjomba hupiga funda. Mkazamjomba akiuliza paa la kibanda litazibwa lini, funda jingine. Ameuliza swali hilo tangu mimi niko shule ya msingi, na jibu bado liko mashavuni. Lakini kumeza, Mjomba hamezi. "Maji ya kazi hayanywewi," husema, na ni kweli, sikuwahi kumwona akiyameza hata tone.

Basi ofisi ya mji ikaamua mtaa wetu uboreshwe, na ikamtuma dada mmoja kijana, mpole, mwenye viatu vyeupe visivyoyajua matope yetu. Kila sentensi yake ilikuwa na maoni ndani. Maoni yenu ndiyo msingi. Bila maoni yenu hatuendi popote. Tukampa jina la Bi Maoni, naye akaliitikia vizuri tu. Aliitisha mkutano shuleni, watu wakajaa, Mjomba hakwenda.

"Mikutano hukunja suruali," alisema. "Halafu mwisho wake waniletee mimi." Na kweli, kesho yake wakamletea.

Mkutanoni Bi Maoni aliahidi kwamba safari hii hakuna mtu wa ofisini atakayekaa na kuupanga mtaa peke yake. Akatimiza ahadi. Siku chache baadaye likaja gari, na nyuma yake wanaume wawili wameshika ubao mpana, na juu ya ubao mtaa wetu wote umetengenezwa kwa karatasi ngumu: shule, soko, daraja, nyumba, vichochoro, hata visima. Sisi tukakiita kijimtaa. Nyumba zake hazikuwa zimegandishwa. Ulikuwa unaweza kuziinua na kuzisogeza.

"Ukiona kitu hakiko mahali pake, sogeza," Bi Maoni akaeleza. "Ukiona kimekosekana, tengeneza uweke. Mimi nitarudi Ijumaa na mkuu wangu, na kitakachokuwa mezani siku hiyo ndicho kitakachochorwa na kujengwa."

Tatizo likawa meza. Ya mwalimu mstaafu ilikuwa ndogo, ya muuza mkaa ilikuwa nyeusi. Bi Maoni akachungulia kibandani kwetu, akaiona ile milango miwili, macho yakamng'aa. "Mzee wangu, tunaomba tukiweke hapa. Utakubali?"

Mjomba alikuwa na maji mdomoni. Alitikisa kichwa, akatikisa mkono, akatikisa mpaka tumbo, lakini shati lililokuwa mbele yake lilikuwa la hariri na hakuthubutu kulipulizia ovyo. Bi Maoni akangoja kwa adabu, kisha akasema, "Asante sana, mzee," na wale wanaume wakaingiza ubao. Mjomba akaachiwa ukingo wa meza, wa kupigia kola na mikono mifupi.

Wiki hiyo kibanda chetu kilijaa kuliko kwa kinyozi wakati wa kufungua shule. Kila mtu alikuja kutoa maoni, na maoni ya kila mtu yalikuwa kumhamisha jirani. Kinyozi ndiye aliyeanza. Aliona choo cha umma kimewekwa karibu na kibanda chake cha kunyolea, akakiinua kwa vidole viwili, akakiweka nyuma ya nyumba ya muuza mkaa. Mchana muuza mkaa akaja, akakirudisha, na safari hii akakiweka mlangoni kabisa. Choo kile kilitembea mtaa mzima. Kililala sokoni, kikaamkia shuleni, siku moja nilikikuta juu ya daraja.

Kulikuwa na mama kijana anayeuza vitambaa, nyumba yake imepakana na ya mama mkwe wake. Alikuja asubuhi, akatazama huku na huku, akaichukua nyumba ya mama mkwe na kuihamishia upande wa pili wa mto. Jioni mama mkwe akaja na miwani. Aliiinua nyumba yake, akaifuta vumbi, akairudisha na kuibana ukutani kwa mwanawe mpaka hapakubaki hata pa kupitisha kadi ya simu.

Mwalimu mstaafu, ambaye ni mwenyekiti wa kila kitu kwetu kuanzia maji hadi misiba, akaweka sheria kwamba hakuna kugusa bila kunyoosha mkono. Watu walinyoosha mkono mmoja na kugusa kwa mwingine.

Mjomba katika hayo yote hakukitazama kijimtaa hata mara moja. Alikipa mgongo. "Mtaa wangu naujua kwa kola zake," alisema. "Nichungulie boksi la nini?"

Laiti angechungulia. Sisi wengine tulikuwa tumekwisha kuona. Kwenye kona, pale vichochoro viwili vinapokutana, hapakuwa na kibanda. Palikuwa na kipande cha sponji kilichopakwa rangi ya kijani, kabenchi ka kijiti cha kiberiti, na kibao kidogo: Bustani ya Kupumzikia. Nilimwuliza Bi Maoni kwa kumnong'oneza. Akasema ramani ilitokana na picha iliyopigwa kutoka angani, na katika picha ile kona yetu ilikuwa nyeupe tupu, uwanja usio na kitu. Nikaelewa, nikataka kucheka na kulia. Mjomba huanika shuka juu ya bati la kibanda. Siku ya picha alikuwa ameanika, tena alikuwa amezifua vizuri mno.

"Wekeni kibanda," Bi Maoni akaniambia. "Ndiyo maana ya zoezi hili." Lakini kumwambia Mjomba kwamba mji mzima unamwona ni uwanja, nani aanze? Kila mtu alimngoja mwenzake, na kila mtu alikuwa na shughuli na choo.

Jumatano mchana Mjomba alikuwa kwenye shati jeupe la mwalimu mstaafu, amepiga funda, mashavu yamejaa. Kinyozi akaingia kuhamisha choo kama kawaida yake. Mkono wa mtu huyu ni mwepesi sana kichwani, lakini ulimi wake haujui pa kusimama.

"Mjomba," akasema, "hivi wewe utahamia wapi wakishapanda maua?"

Mjomba akageuka taratibu.

"Hapa konani. Si ndiyo hii bustani? Nilidhani unajua. Mbona sisi wote tunajua."

Mjomba akainama juu ya kijimtaa kwa mara ya kwanza. Akaweka kidole darajani, akakifuata kichochoro, akapita shuleni, akapita kwa muuza mkaa, akafika konani, na kidole kikazama kwenye sponji. Akasoma kibao midomo ikitaka kuchezacheza. Mtu mwingine angelia, au angempa kinyozi vidonge vyake. Mjomba alikuwa na maji mdomoni. Yalitoka yote kwa mpigo mmoja, na siku hiyo hayakutoka kama ukungu.

Shule iliketi chini. Soko likalegea upande mmoja. Nyumba zikaanza kuegemeana kama walevi wanaosindikizana, na daraja likajikunja polepole mpaka ncha zake zikakutana. Kinyozi akabaki mdomo wazi na choo mkononi. Na mimi ninayemjua Mjomba nikaona hatari halisi ni ipi, kwa kuwa mbele yake sasa kulikuwa na kitu kilicholowa na chenye mikunjo.

"Mjomba, usi—" nikasema.

Mkono ulikuwa umekwisha kuishika pasi. Sidhani hata kama alijua. Alianza sokoni, akateremka mpaka darajani, akazunguka pembe zote kwa ustadi, akarudi. Kibanda cha karatasi cha kinyozi kiligoma kidogo, akakikandamiza mara mbili. Mvuke ukajaa kibandani, ukanuka gundi. Alipoinua pasi, mtaa wetu ulikuwa bapa, mkavu, laini, na katikati, kuanzia shuleni mpaka mtoni, umepigwa mstari ulionyooka kama wa suruali ya bwana harusi.

Tukautazama wote watatu.

"Umeupiga pasi mtaa," kinyozi akasema.

"Ulikuwa na mikunjo," Mjomba akajibu. Ndipo alipoona alichokifanya, na uso wake ukamshuka hata nikasahau kucheka.

Habari ilifika kila nyumba kabla pasi haijapoa. Watu walikuja na sura zao. Muuza mkaa akamwambia usoni kwamba amewanyoosha wote makusudi, kwa sababu ya kibanda chake. Mama mkwe aliinua kitu bapa kama kadi ya mwaliko, akauliza kama hiyo ndiyo nyumba yake. Mkwewe naye akauliza iko upande gani wa mto. Mjomba akanyoosha mkono kuchukua kikombe, akakikuta kikavu, na kwa kukosa pa kujificha akaingia katikati ya makoti yaliyoning'inia, tukabaki tunaona viatu tu. Nilimkasirikia, na nilimhurumia, na niliwakasirikia zaidi wale waliokuwa wakimsema, hasa kwa kuwa walikuwa na haki.

Mwalimu mstaafu akagonga meza kwa rula. "Ijumaa mkuu anakuja. Akikuta meza tupu, atarudia karatasi yake ya ofisini, na humo kila kitu kiko walivyotaka wao. Kila mtu akatengeneze nyumba yake mwenyewe. Kwa ukubwa wake wa kweli," akaongeza, maana anatufahamu. "Nasema wa kweli."

Alhamisi asubuhi nyumba zikaanza kuwasili. Muuza mkaa alichonga yake kwenye bonge la mkaa, na kila aliyeigusa akaenda kumpaka mwenzake. Mwenye duka la nafaka alileta kopo. Kinyozi alibandika maboksi ya wembe moja juu ya jingine, akaja na jengo la ghorofa lenye roshani.

"Nyumba yako ina chumba kimoja na pazia," mwalimu akasema.

"Haya ni maoni yangu," kinyozi akajibu.

"Shusha."

Akashusha, kwa shingo upande, akabakiza roshani. Mama kijana wa vitambaa hakuleta nyumba, alileta mto, wa kitambaa cha buluu, mpana mara nne ya mto wenyewe. Kumbe mama mkwe alikuwa amemwahi. Alikuwa ameleta nyumba mbili ndani ya boksi moja la viatu, ya kwake na ya mwanawe, hazina hata ukuta katikati, na alikuwa ametia gundi kila upande.

Mchana mtaa ulikuwa umejaa, umependeza kwa namna yake, ila hapakuwa na choo. Kila mmoja alikuwa amekihamisha kwa mwenzake mara nyingi mno, na sasa nani akitengeneze? Mwalimu aliuliza, watu wakatazama dari. Mwishowe akatoa karatasi ya mtihani mfukoni, akaikunja mwenyewe, akaweka choo kando ya nyumba yake. Tangu siku hiyo watu humwamkia wakiwa wamesimama.

Na kona ilikuwa tupu bado.

Mkazamjomba akamfuata mumewe katikati ya makoti. "Baba, tengeneza kibanda chako. Kila mtu ameleta."

"Sitengenezi."

"Usipokiweka, kesho wanachora maua."

"Wachore," Mjomba akasema. "Wiki nzima wamepita hapa wakiona sipo. Wamehamisha choo, wamehamisha mama mkwe wa watu, hakuna aliyesema tumweke na huyu. Miaka yote hii nanyoosha kola zao, leo nijibandike mwenyewe kwa gundi, kama tangazo ukutani?"

"Mjomba," nikasema, "nitakutengenezea mimi."

Akatoa kichwa kati ya makoti mawili, akanitazama. Macho yalikuwa mekundu. "Usithubutu. Unasikia? Wewe ni mimi. Ukiniweka wewe ni kama nimejiweka mwenyewe." Nikajikaza kisabuni, nikasema nimesikia. Yeye akakifunika kijimtaa kwa shuka, paka asikilalie, na shuka lenyewe alilipiga pasi kwanza.

Jioni ile tulikuwa na wateja wa ajabu. Kinyozi alikuja kuchukua shati lake, na hakuwa ameleta shati. Akasimama karibu na meza akizungumzia joto, mkono wake mmoja umepotea chini ya shuka. "Naangalia vumbi," akaniambia. Muuza mkaa alikuja kuuliza kama tunahitaji mkaa, ilhali gunia alituletea asubuhi. Akaiegemea meza muda mrefu, akaacha kidole cheusi kwenye ukingo. Mama mkwe akaja kutafuta kibanio. Hajatoka vizuri akaingia mkwewe, naye anatafuta kibanio. Mwalimu mstaafu alikuja kuhakiki vipimo, na akavihakiki kwa kupapasa, kijimtaa kikiwa kimefunikwa vilevile. Niliwachukia wote kwa kutoondoka, kwa sababu nilikuwa na jambo langu. Mfukoni mwa aproni nilikuwa na kibanda, nimekitengeneza kwa boksi la blu ya kufulia.

Mjomba alipotoka kwenda kumwaga majivu ya pasi, nikaingiza mkono chini ya shuka, nikapapasa vichochoro mpaka panapokutana, nikakiweka. Kiligonga kitu. Nikadhani ni ukuta wa jirani, nikakisukuma kidogo, nikatoa mkono haraka.

Ijumaa Bi Maoni akaja na mkuu wake, bwana mnene, mpole, mwenye tai, na kola iliyokunjamana hata nikaona vidole vya Mjomba vikichezacheza. Kibanda kikajaa, waliokosa nafasi wakachungulia dirishani. Mjomba alikaa pembeni kwenye kigoda, amevaa shati lake bora, kama mtu aliyekuja kusikiliza hukumu.

"Ndugu mkuu," mwalimu mstaafu akaanza, "kile mlichotuletea kilifanyiwa marekebisho."

"Kilipigwa pasi," kinyozi akasaidia.

Mwalimu akamkata jicho, akashika shuka kwa pembe mbili, akalivuta.

Kona haikuwa tupu. Kona haikuonekana kabisa. Palikuwa na kibanda cha maboksi ya wembe, na juu yake kimepanda kibanda cha mkaa. Palikuwa na cha karatasi ya mtihani, chenye vipimo pembeni kwa wino mwekundu. Palikuwa na cha kitambaa cha maua na, kimebanana nacho mpaka basi, cha boksi la viatu. Kingine kilikuwa cha kopo la nafaka, kingine cha sabuni iliyochongwa. Kimoja kilikuwa kimemponyoka mtu gizani chini ya shuka, kikaangukia mtoni. Kimoja kilikuwa kwenye uwanja wa shule. Na kile changu cha blu kilikuwa kimesukumwa na wengine mpaka kikasimama barabarani, katikati kabisa, kama kinangoja lifti.

Watu walitazamana. Kila mmoja alikuwa na sura ya mwizi aliyewakuta wezi wenzake ndani ya nyumba ileile.

Mkuu akainama, akahesabu kwa kidole, akapotea, akaanza tena. "Hivi vyote ni nini?"

"Dobi," muuza mkaa akasema, akitazama viatu vyake.

"Vyote?"

Mwalimu mstaafu hajawahi kukubali aibu hadharani, na hakuanza siku hiyo. "Hayo ndiyo maoni ya wakazi," akasema.

"Kwani nguo zenu huchafuka sana?" mkuu akauliza, kwa wema kabisa, na Bi Maoni akageuka dirishani mabega yakimtikisika. Alipogeuka tena alikuwa amekwisha kujifuta macho. Akamweleza mkuu wake habari ya picha ya angani na shuka juu ya bati. Mkuu akasikiliza, akatazama juu kwenye paa letu, akaona mwanga unapenya matunduni, akatazama tena ule msongamano pale konani.

"Basi dobi mmoja anatutosha," akasema. "Andika: kibanda kinabaki, na benchi liwekwe mbele yake. Maua yatafutieni kwingine. Na mzee mwenyewe, je? Una maoni?"

Tukamgeukia Mjomba. Naye akafanya alichofanya siku zote. Akachukua kikombe cha bati, akapiga funda, mashavu yakavimba. Akasimama, akaja mezani, akainama juu ya vibanda vyake. Nilitandaza mikono yote miwili juu ya mtaa, na kinyozi akaikamata pasi kwa mpini na kutoka nayo nje.

Mjomba akatazama kimoja kimoja. Cha mkaa, cha wembe, cha mtihani. Macho yakamjaa. Kisha koo lake likapanda, likashuka.

Alikuwa amemeza. Mkazamjomba akakaa juu ya nguo safi za watu bila kujua.

"Mlango wangu unafungukia kushoto," Mjomba akasema. "Nyote mmeuweka kulia. Mnaingia hapa kila siku, hamjui hata mlango." Halafu akalia, waziwazi, akijifuta kwa mkono wa shati lake bora, na wengi wetu tukalia naye, kinyozi akilia huko nje na pasi yake. Mjomba akakiokota kile cha blu kutoka barabarani, akakigeuzageuza, akakinusa.

"Nilikukataza," akaniambia.

"Ndiyo, Mjomba."

"Gundi imezidi." Akasogeza vingine taratibu kwa kidole, akapata nafasi, akakiweka konani.

Hapo ndipo mkazamjomba alipoona kwamba mumewe amesimama mbele ya watu, mdomo hauna kitu, na kikombe kiko mbali. Akainuka kwenye nguo.

"Baba," akasema, "hili paa utaziba lini?"

Mjomba akatazama kikombe. Akatazama watu wote wale. Akainua macho juu kwenye bati, kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

"Kesho," akasema.